Kulungu Ni Miguu: Wadukha wa Mongolia na Dola Zilizowazunguka

Kila mwaka ninapofundisha kozi ya dola na jamii za wafugaji, wanafunzi wangu hutarajia nianze na Wamasai, Wabarbaig au Waturkana. Mimi huanza na Wadukha, watu wachache mno wanaoishi na kulungu wao katika misitu ya mpakani mwa Mongolia na Urusi. Wapo wanaodhani kwamba hizo ni mbwembwe za msomi. Sababu yangu ni nyepesi. Kuhusu jamii zilizo karibu nasi, kila mmoja wetu ameshajichagulia upande, ama kwa ajili ya ukoo wake, ama kwa ajili ya ofisi anayoitumikia. Kuhusu Wadukha hakuna kati yetu mwenye malisho ya kugombea wala cheo cha kulinda. Hivyo huwa rahisi kidogo kuuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: dola inaposema kwamba inahifadhi utamaduni wa watu fulani, huwa inahifadhi kitu gani hasa?

Tuanze na mahali. Kaskazini kabisa mwa Mongolia lipo jimbo la Khövsgöl, na ndani yake bonde la Darkhad, penye nyika na wafugaji wa farasi, kondoo na ng'ombe. Ukivuka bonde hilo ukaanza kupanda milima, nyika hukoma na msitu wa baridi uitwao taiga huanza: misonobari, vinamasi, mito inayoganda, na majira ya kipupwe ambamo joto hushuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Humo ndimo wanamoishi Wadukha, katika makundi mawili, la taiga ya mashariki na la taiga ya magharibi. Wamongolia huwaita Tsaatan, yaani "wenye kulungu". Wao wenyewe hujiita Dukha, jina lenye mzizi mmoja na Tuva, nchi iliyo ng'ambo ya mpaka, na Tofa, ndugu zao wa mkoa wa Irkutsk. Lugha yao ni ya jamii ya Kituruki. Mturuki wa Istanbul husema "bir" anapohesabu moja, na Mdukha naye husema vivyo hivyo, ingawa kati yao ipo nusu nzima ya bara la Asia. Sensa ya Mongolia ya mwaka 2010 ilihesabu Wadukha wasiotimia 300.

Neno "kulungu" nalo linahitaji ufafanuzi. Kulungu wetu ni mnyama wa vichakani mwenye madoa meupe, naye hana undugu wa karibu na huyu ninayemzungumzia. Huyu ni mnyama wa nchi za baridi, mwenye kwato pana zisizozama upesi katika theluji, manyoya mazito, na pembe zenye matawi ambazo huota kwa dume na kwa jike pia, huanguka kila mwaka na kuota upya. Kwa kukosa jina jingine lililozoeleka nitamwita kulungu, na msomaji atajua namaanisha nani.

Sisi tuliozoea ng'ombe tukisikia neno mfugaji huona mara moja zizi, mahari, nyama na mnada. Picha hiyo ndiyo inayotupoteza. Mdukha hafugi kulungu ili amle. Kuchinja lilikuwa jambo la nadra, labda mnyama aliyezeeka, aliyevunjika mguu, au wakati wa dhiki kubwa. Nyama ilitoka porini, na manyoya ya kuuza au kulipia kodi yalitoka porini vilevile. Kazi ya kulungu ilikuwa kumbeba mwindaji na mizigo yake mahali ambapo farasi hafiki. Katika theluji nene, kwenye vinamasi na miteremko ya mawe, farasi huzama au huchoka. Kulungu hupita, na jioni hujitafutia chakula chake mwenyewe kwa kufukua theluji kwa kwato. Kundi la familia moja halikuhitaji kuwa kubwa. Makumi machache yalitosha. Palihitajika wanyama wa kupanda, wanyama wa mizigo, na majike wa kukamua.

Maziwa ni machache, kikombe au viwili kwa jike mmoja, lakini mafuta yake ni zaidi ya mara tatu ya yale ya maziwa ya ng'ombe. Hutiwa katika chai yenye chumvi, hugandishwa, hukamuliwa maji na kukaushwa yakawa jibini ngumu ya kuhifadhiwa hadi kipupwe. Katika majira ya joto maziwa ndiyo yaliyoshika kaya wakati mawindo yalipokuwa haba.

Ukiutazama mpango huu kwa utulivu utaona kwamba ni mnyororo. Kulungu humfikisha mwindaji kwenye mawindo. Mawindo humpa nyama, hivyo kulungu hasogelewi na kisu. Kulungu asiyechinjwa huzaa, hubeba na kukamuliwa. Kata pingu moja ya mnyororo huo, ufugaji huanza kujila wenyewe. Naomba msomaji aikumbuke hoja hii, kwa maana karibu kila kosa lililofanywa na watawala baadaye lilitokana na kuona mfugaji mahali palipokuwa na mwindaji anayefuga.

Kuhama nako kuna mantiki yake. Chakula kikuu cha kulungu wakati wa baridi ni likeni, vijimea vya kijivu vinavyotambaa juu ya ardhi, mawe na magome. Likeni hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mahali palipolishwa hadi pakaisha huhitaji miaka mingi kurejea, kwa hiyo kambi inayokaa mno mahali pamoja hula akiba ya watoto wake. Majira ya joto yana adui mwingine, joto lenyewe na wadudu. Kulungu huugua joto ambalo mwanafunzi wa Iringa angeliita baridi. Watu hupanda naye hadi kwenye mabonde ya juu, zaidi ya mita 2,000, na kuwasha mioto ya moshi ambayo wanyama huizunguka wenyewe ili kuwakimbia mbu na nzi. Hakuna ua wala seng'enge. Ndama hufungwa kambini mchana ili mama zao warudi jioni. Chumvi nayo hufanya kazi ya kamba: kulungu huipenda kiasi kwamba hata theluji iliyoloweshwa na mkojo wa binadamu humvuta kutoka msituni.

Makazi yao ni hema la umbo la pia, nguzo nyembamba za miti zilizoegemezwa kileleni na kufunikwa. Zamani kifuniko kilikuwa magome ya mti wa betula wakati wa joto na ngozi wakati wa baridi. Leo ni turubai. Wanapohama, nguzo huachwa zimesimama na kifuniko peke yake hubebwa. Mwaka unaofuata wao au jirani yao huzikuta. Hakuna hatimiliki iliyoandikwa, lakini kila mtu anajua ni nani aliyekuwa hapo na kwa nini aliondoka.

Mwanaisimu K. David Harrison, aliyefanya utafiti miongoni mwa Watofa mwanzoni mwa karne hii, alionyesha jinsi lugha yao inavyompanga kulungu kwa umri, jinsia, uzazi na utumishi kwa neno moja moja. "Chary", kwa mfano, ni dume wa miaka mitano, aliyehasiwa, anayefaa kupandwa. Wanafunzi hushangaa, nami huwakumbusha kwamba Kiswahili chao kina mtamba, mfarika, fahali na maksai, ila wengi wao hawajui tena tofauti ya mtamba na mfarika kwa sababu hawana haja ya kuijua. Wakati Harrison alipofika, waliokisema Kitofa vizuri walikuwa makumi machache tu, wote watu wazima.

Yupo msomaji atakayesema kwamba haya ni maisha ya kale, mabaki ya zama za mawe. Si kweli. Sevyan Vainshtein, mwanaethnografia wa Kisovieti aliyeitafiti Tuva kwa miaka mingi, alijenga hoja kwamba milima ya Sayan ni miongoni mwa vitovu vya kale vya ufugaji wa kulungu. Hata hivyo, tandiko la huko, lenye vikuku vya miguu na kuwekwa mgongoni kama la farasi, lilionyesha mazungumzo marefu na watu wa nyikani. Biashara iliwafikia, na kodi pia. Kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi 1911 Tuva ilikuwa chini ya dola ya Qing ya China, na kodi yake ililipwa kwa manyoya, hasa ya soboli, mnyama mdogo mla nyama, jamaa wa mbali wa nyegere wetu. Upande wa kaskazini Watofa walikuwa wakimlipa mfalme wa Urusi kodi ya namna hiyohiyo tangu karne ya 17. Soboli mmoja aliyevaliwa shingoni na mama mkubwa wa mji alikuwa amefuatiliwa katika theluji na mtu aliyepanda kulungu. Kwa manyoya hayohayo walipata unga, chai, tumbaku na risasi. Kile tunachokiita mila kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni namna ya kuishi na mtoza kodi aliye mbali.

Mtoza kodi aliye mbali, kwa kweli, ndiye bora. Shida ya Wadukha ilianza dola ilipokaribia na kuchora mstari.

Mwaka 1921 Tuva ilitangazwa kuwa nchi huru chini ya kivuli cha Moscow. Mwaka 1944 ikamezwa rasmi na Muungano wa Kisovieti. Kwa familia za wenye kulungu, mpaka kati ya Tuva na Mongolia ulipita katikati ya malisho: kambi za msimu mmoja zilikuwa upande huu, za msimu mwingine upande ule. Ilipofika wakati wa mifugo kutakiwa kuingizwa katika mashamba ya pamoja, vijana kuandikishwa jeshini na chakula kuwa haba kwa sababu ya vita, baadhi yao walikaa upande wa Mongolia. Serikali ya Mongolia, ambayo haikutaka kumuudhi mkubwa wake, iliwafukuza zaidi ya mara moja. Wakarudi kupitia msituni. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1950 ndipo walipopewa uraia. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi watu hawa walikuwa wahamiaji haramu katika malisho ya babu zao, bila ya wao kuhama zaidi ya walivyokuwa wakihama siku zote.

Uraia ulikuja na masharti. Kulungu wakawa mali ya umma na mchungaji akawa mwajiriwa anayelipwa mshahara kulinda wanyama waliokuwa wake. Wengine walitolewa taiga wakapelekwa Tsagaannuur, kando ya ziwa, kufanya kazi katika ushirika wa uvuvi. Watoto wakaingizwa shule ya bweni, na lugha ya shule ilikuwa Kimongolia. Sitaki kuzichora zama hizo kwa rangi nyeusi peke yake. Wazee wanaozikumbuka husifu mshahara uliofika, daktari wa mifugo aliyekuja, na shule iliyowafundisha kusoma. Katika miaka ya 1970 kundi lilizidi kulungu 2,000. Ila namna ya kufikiri ilikuwa ileile: mpangaji aliona mifugo na akaona watu, hakuuona uhusiano uliowaunganisha.

Upande wa Urusi hali ilikuwa kali zaidi. Kufikia miaka ya 1930 Watofa walikuwa wametulizwa katika vijiji vitatu, Alygdzher, Nerkha na Verkhnyaya Gutara. Mtu anayeishi kijijini hawezi kumfuata kulungu. Kulungu akabaki na wachungaji wachache walioajiriwa, na kizazi kimoja baadaye kuliibuka Watofa ambao hawakuwahi kumpanda. Leo vijiji vipo, jina la kabila lipo, na sensa ya Urusi ya 2010 iliwahesabu 762. Ufugaji wenyewe karibu umetoweka. Viongozi waliofanya uamuzi huo waliamini kwa dhati kwamba wanaleta maendeleo, nami nadhani tunakosea tunapowasoma kama watu wabaya tu. Walikuwa na zahanati ya kujenga, na zahanati haihami.

Kisha mwaka 1990 ukaja, na dola iliyokuwa imejipachika katikati ya mnyororo ikajiondoa ghafla. Mishahara ilikoma, daktari wa mifugo hakuja tena, duka la serikali lilifungwa. Kulungu waligawiwa kwa familia. Soko jipya lilikuwa la wafanyabiashara walionunua pembe changa, zile laini zenye damu, kwa ajili ya dawa za asili za Asia ya Mashariki. Kuzikata humdhoofisha mnyama katika majira anayohitaji nguvu. Maradhi na mbwamwitu wakafanya yao. Watu wenye njaa wakachinja wanyama wa kupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walibaki kulungu mia kadhaa tu katika taiga yote ya Mongolia. Ndipo wenye kamera walipofika, wakaandika kwamba kabila la kale linatoweka, kana kwamba lilikuwa likitoweka lenyewe.

Mwaka 2011 serikali ya Mongolia ilitangaza eneo la Tengis-Shishged, ambalo linajumuisha malisho ya Wadukha, kuwa hifadhi ya taifa. Kufuga kuliruhusiwa. Kuwinda kulikatazwa, sheria ikiweka faini na hata kifungo. Baadaye serikali ikaanza kuwapa posho ya kila mwezi.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, na nisingependa kuliamua kwa pupa. Serikali ilikuwa na hoja. Baada ya 1990 wawindaji wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliingia msituni na bunduki, biashara ya manyoya na viungo vya wanyama ilipamba moto, na wanyamapori walipungua kweli. Afisa aliyekaa na ramani mbele yake asingeweza kunyamaza. Lakini aliyeondolewa kwa sheria ile hakuwa mfanyabiashara wa mbali peke yake, ambaye angeweza kwenda msitu mwingine. Aliondolewa pia mtu ambaye njia zake, maneno yake, ibada zake kwa mizimu ya mahali, na hata sababu ya kumfuga kulungu, vyote vilielekea kwenye mawindo. Aliachiwa mnyama, akanyang'anywa safari.

Athari yake haionekani haraka, kwa sababu hema bado lipo na kulungu bado yupo. Idadi ya kulungu hata imepanda tena. Mtalii hawezi kuona kilichokosekana. Baadhi ya familia hushuka na kulungu wachache hadi kando ya Ziwa Khövsgöl wakati wa joto ili wapigwe picha, mahali ambapo ni tambarare na joto kupita kiasi kwa mnyama huyo, pasipo na likeni. Wadukha wenzao huwalaumu. Mimi ningekuwa mwepesi wa kuwalaumu kama ningejua ni wapi pengine fedha za unga zingepatikana.

Wanaharakati watanikumbusha Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144. Nalikumbuka, na nakumbuka pia orodha ya nchi 11 zilizojizuia kupiga kura: Urusi, nyumbani kwa Watofa, imo, na majirani zetu Kenya na Burundi wamo. Tanzania iliunga mkono. Wasomaji wangu walio serikalini wanajua vizuri umbali uliopo kati ya mkono ulioinuliwa New York na waraka uliosainiwa wilayani.

Yapo mataifa yaliyojaribu njia ya kati. Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 kuhusu ardhi za Alaska, pamoja na kutenga hifadhi kubwa, iliwapa wakazi wa vijijini kipaumbele cha kuwinda kwa ajili ya kujikimu katika ardhi za serikali kuu. Utekelezaji wake umejaa mabishano na kesi, wala siipendekezi kama dawa. Ninachokiona humo ni kwamba mtunga sheria aliuliza swali ambalo huko Tengis-Shishged lilirukwa: mtu huyu anaishi vipi, kuanzia asubuhi hadi jioni, kipupwe hadi kiangazi? Jibu la swali hilo lingedai kazi ya kuchosha. Ingebidi kukaa na wazee wa taiga zote mbili, kuhesabu wanyama bonde kwa bonde, kukubaliana ni mwindaji gani apande wapi na mwezi gani, na kumlipa mtu wa kwao kusimamia.

Watoto wa Kidukha waliozaliwa mwaka ule wa hifadhi sasa ni vijana. Miezi mingi ya mwaka wamekuwa Tsagaannuur shuleni, wakisoma Kimongolia, na likizo wamerudi juu kwa wazazi. Wanajua kumtandika kulungu na kumpanda, maana hilo hujifunzwa kabla ya mtoto kufikia umri wa shule. Baba zao wanajua pia njia za kipupwe, zile za siku nyingi zinazofuata nyayo za mawindo hadi karibu na mpaka wa Tuva. Njia hizo zimo ndani ya hifadhi, na mzee anayetaka kumwonyesha mwanawe ni lazima afikirie kwanza kama atakutana na askari.